Dola imeshuka, mbona mafuta hayashuki? Jibu kwa mpika mahamri wa Lamu

"Asalam aleikum mwalimu. Mimi ni mkaazi wa Langoni, hapa Lamu, na kila alfajiri nauza mahamri na mbaazi barazani pangu. Paketi ya unga wa ngano ya kilo 2 yanipa mahamri 50, na hamri moja nimeiuza shilingi 10 miaka na miaka. Sasa unga nanunua 190, mafuta lita moja 330, sukari kilo 160. Nilipomuuliza mwenye duka wangu wa Usita wa Mui, aliniambia ni dola. Dola ikashuka, akaniambia ni gari. Mwanangu aliye chuoni asema ni makampuni makubwa yanayotunyonya. Jirani yangu ashikilia kwamba wenye maduka wa hapa wamekaa wakapatana bei. Nani mkweli? Tukiwasusia, tutafaulu? Au sisi akina mama tujikusanye tuagize bidhaa zetu Mombasa? Na jambo la mwisho lanikera: nikipunguza donge la hamri, si na mimi nitakuwa mlanguzi?"

Waaleikum salaam dada yangu. Maswali yako ni manne, lakini naona mzizi wake ni mmoja. Wataka kujua, bei ikipanda, ni gharama iliyoipandisha au ni tamaa ya mtu. Mara nyingi ni vyote viwili, na vimesukwa pamoja kama miyaa ya mkeka, ndiyo maana kila unayemuuliza akuonyesha mwaa mmoja tu na kuapa kwamba ndio mkeka wote.

Nianze na mwenye duka, maana ndiye unayemwona kila siku na ndiye anayetukanwa kwanza. Fuata chupa moja ya mafuta ya kupikia. Yatoka Mombasa kwa lori, yapita Malindi, Garsen na Witu, yafika Mokowe. Malindi lori lingesimama mbele ya duka na kazi ikaisha. Kwenu, katoni yashushwa, yapakiwa botini, yavuka, yapandishwa gatini, kisha hamali aitia kwenye mkokoteni au juu ya punda. Kila mkono uigusao wataka chake, na ni haki yake. Na hapo njia iko wazi. Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mvua zilipoikata barabara ya Garsen na Lamu, bei zilipanda kwenu kwa sababu isiyohitaji mlanguzi yeyote.

Chukua mfano, namba ni za kufundishia tu, wewe utaweka zako. Katoni ya chupa 12 imenunuliwa Mombasa kwa shilingi 3,600, yaani 300 kila chupa. Lori 70, kupakua na boti 50, hamali na punda 40. Sasa katoni imefika 3,760, chupa moja 313 na senti. Mwenye duka akikuuzia 330, amebakiwa na shilingi kama 17, na humo mna kodi ya chumba, leseni, umeme, na madeni ya daftarini ambayo wenyewe hawalipi. Kati ya zile 330 zako, 300 ziliamuliwa kabla ya lori kuwashwa. Ukimkasirikia mwenye duka, unagombana na shilingi 17.

Jirani yako naye ana neno, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Bei kuwa moja katika maduka yote ya mtaa si dalili ya njama. Mahamri ya Langoni yote ni shilingi 10. Je, mlikaa mkapatana? Hamkukaa. Kila mmoja aliona mwenzake auza ngapi, na gharama zenu zafanana. Maduka madogo yanayochukua mzigo kwa wauzaji wa jumla walewale yataishia kwenye bei zinazokaribiana hata kama wenyewe hawasalimiani.

Sasa nikupe kisa cha kwetu, kwa sababu ndicho kilichonifunza hesabu hii kabla sijaisoma darasani. Marehemu baba alikuwa na duka Malindi. Miaka ya 1990, serikali ilipoacha kupanga bei za vyakula na bei zikawa huru, sukari ilipanda ghafla. Baba alikuwa na magunia kumi ndani. Akakataa kupandisha. "Sikununua kwa bei mpya," alisema, na mtaa mzima ukamwombea dua. Magunia yalipokwisha akaenda kujaza duka, na zile pesa zikanunua saba. Bei ikapanda tena, akafanya vilevile, akarudi na matano. Mwaka uliofuata lile duka lilikuwa stoo ya makaa. Kwa hiyo mwenye duka anayebadilisha bei siku ileile aliyosikia habari, hata kama mzigo wake ni wa zamani, huenda si mwizi. Anahesabu bei ya mzigo utakaofuata, kwa sababu ndio atakaoununua kwa pesa zako.

Hoja hiyo naikubali. Ila nilikuja kuiona ikitumiwa vibaya. Nikiwa kijana nilifanya kazi ya ukarani kwa muuzaji mmoja wa jumla. Habari za uhaba zikitangazwa redioni, tajiri aliamuru mlango wa ghala ushushwe, na kesho yake nilipiga chapa karatasi mpya ya bei. "Tutazame mzigo ujao," alisema. Miezi ikapita, bei ya nje ikaanguka, nikamuuliza kama nipige karatasi nyingine. Akanijibu, "Bado tuna mzigo wa zamani." Dada, lishike jibu hilo. Bei ikipanda, mzigo ujao ndio hesabu. Ikishuka, mzigo wa zamani ndio hesabu. Mtu mmoja, ghala moja, hoja mbili zinazopingana, na zote zaingia mfuko mmoja. (Na ule mlango ulioshushwa una jina kwetu Waislamu. Ni ihtikari, kuhodhi chakula watu wakiwa na haja nacho, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema hafanyi hivyo ila mkosaji.)

Kwa hiyo bei kupanda peke yake hakuniambii chochote. Natazama ilivyoshuka. Bei za vyakula, duniani kote, hupanda kwa upepo wa nyuma na kushuka kwa kupiga bisho, yaani kwa kukabili upepo wa mbele, na muda ule wa bisho ndio watu wachuma.

Ungeuliza, kwa nini muuzaji mwingine asiteremshe bei akamnyang'anya yule tajiri wateja? Swali zuri, na ndilo linalotupeleka kwa makampuni. Wauzaji wakiwa mia, mmoja atateremsha, na wengine watalazimika. Wakiwa watano, kila mmoja ajua kwamba akiteremsha leo, wenzake watateremsha kesho, na wote watabaki na wateja walewale kwa faida pungufu. Basi hutazamana. Hakuna haja ya mkutano wala barua. Na hapa Kenya, kusafisha mafuta ya kupikia na kusaga ngano ni kazi za viwanda vikubwa vichache, kwa sababu mashine ni ghali na malighafi yaja kwa meli. Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst, Isabella Weber na Evan Wasner, waliandika mwaka 2023 juu ya makampuni makubwa ya Marekani wakaeleza kitu kilekile: msukosuko ukija, kama vita au kufungwa kwa njia za meli, kila kampuni yajua kwamba washindani wake nao watapandisha, basi ile hofu ya kuwa wa kwanza yaondoka. Habari mbaya ikishakuwa ya watu wote, huwa ndiyo tarumbeta yenyewe.

Tena kuna hesabu ya asilimia, ambayo mwanao ataipenda. Kampuni yenye desturi ya kuongeza asilimia 20 juu ya gharama ya shilingi 100 yapata 20. Gharama ikifika 150 kwa sababu ya vita, kampuni ikiweka asilimia 20 ileile, yapata 30. Haikubadilisha chochote, kazi yake ni ileile, chupa ni ileile, lakini vita vimeiongezea shilingi kumi. Mkurugenzi atasimama aseme kweli kwamba kiwango cha faida hakikupanda. Na mwanao atasoma kweli kwamba faida imepanda kwa nusu. Juni 2023 wachumi wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, walipima Ulaya wakakuta karibu nusu ya kupanda kwa bei tangu mwanzo wa 2022, asilimia 45, ilienda kwenye faida za makampuni. Watu wengi walilitangaza hilo kama ushahidi wa ulafi. Wenyewe walikuwa waangalifu zaidi, wakaonya kwamba faida kuongezeka si sawa na kiwango cha faida kupanuka. Marekani, Machi 2024, tume ya serikali inayosimamia ushindani ilitazama maduka makubwa ya vyakula: mapato yao yalizidi gharama kwa zaidi ya asilimia 6 mwaka 2021, na kwa asilimia 7 katika miezi tisa ya kwanza ya 2023, wakati kilele cha nyuma kilikuwa 5.6 mwaka 2015. Tume ikasema hilo lazua shaka juu ya dai kwamba bei zafuata gharama tu. Nakubaliana nayo. Lakini tazama pia ukubwa wa namba: kwa wauzaji hao, nyongeza ni shilingi moja na nusu hivi katika kila mia. Atakayekuambia kwamba bei yote ya juu ni tamaa, muombe hesabu.

Turudi kwenye mafuta yako na ile dola. Ni kweli kabisa kwamba Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na katikati ya mwaka huo ilikuwa kama 130, ikakaa hapo. Ungetarajia bidhaa ya nje ishuke. Lakini mafuta yetu mengi ni ya mawese kutoka Indonesia na Malaysia, na mawese yana bei yake huko yatokako. Mwaka 2022 Indonesia ilifunga mauzo ya nje kwa wiki kadhaa na dunia nzima ikahangaika. Baadaye mwaka huohuo bei ilianguka sana. Kisha mwisho wa 2024 ikapanda tena, moja ya sababu ikiwa ni Indonesia kuagiza kwamba kuanzia 2025 dizeli yake ichanganywe mawese kwa asilimia 40. Magari yao yanakunywa kile unachokaangia. Juu yake kuna ushuru wa forodha, kuna VAT ya asilimia 16 ambayo huongezeka yenyewe kila bei inapoongezeka, na ile ada ya reli itozwayo bidhaa za nje ilipandishwa mwisho wa 2024 kutoka asilimia 1.5 hadi 2. Dizeli ya lori nayo, Julai 2023, ilipandishiwa VAT kutoka asilimia 8 hadi 16. Basi kwa mafuta, mwenye duka alikuwa na sehemu ya ukweli, ingawa hakujua ni ipi. Kwa ngano natilia shaka zaidi, kwa sababu bei ya ngano duniani ilishuka mbali sana kutoka kilele cha Machi 2022, na dola ikashuka. Hapo kama paketi yako haikushuka, swali lako lafaa kuulizwa, na si mwenye duka wa kuulizwa.

Usisahau pia kusoma pakiti. Bei yaweza kukaa palepale na gramu zikaondoka: sabuni nyembamba kidogo, pakiti ya majani ya chai iliyojaa hewa. Bandu bandu huisha gogo. Si kosa maadamu uzito umeandikwa sawasawa, lakini wewe linganisha kwa gramu, usilinganishe kwa pakiti.

Je, makampuni hayapatani kweli? Hupatana, na hukamatwa. Kisa ninachokipenda ni cha Afrika Kusini. Desemba 2006, wafanyabiashara wadogo wa kusambaza mkate huko Western Cape waliona viwanda vikubwa vyapandisha bei kwa pamoja na kuwapunguzia wao kipato chao kwa kiasi kilekile. Wakaenda kwa tume ya ushindani. Kampuni moja ikakiri ili isamehewe, nyingine ikalipa zaidi ya randi milioni 98 mwaka 2007, ya tatu ikatozwa zaidi ya milioni 195 mwaka 2010. Waliofichua hawakuwa wachumi. Walikuwa watu wa magari ya mikate waliotunza karatasi zao. Kwetu, Agosti 2023, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilitoza kampuni tisa za chuma zaidi ya shilingi milioni 338 kwa kupatana bei. Na Machi 2020, korona ilipoingia, iliamuru duka moja kubwa liwarudishie wateja pesa walizotozwa zaidi kwenye dawa za kutakasa mikono.

Kuhusu kususia, sitakukataza, ila ukimsusia mwenye duka wa Usita wa Mui, kiwandani hawatajua. Wakijua, ni pale akina mama wengi wahamapo kutoka chapa moja kwenda nyingine, na hapo ndipo nguvu yenu ilipo. Jaribu ile chapa ya bei nafuu kwa wiki moja, ukaone unga wake waumuka vipi.

Kuagiza Mombasa kwavutia zaidi, na kunatia hasara zaidi. Kwenye mfano wetu, mtakachookoa ni zile shilingi 17 na kitu kidogo cha bei ya jumla. Mtakachopoteza ni daftari la deni, ambalo mwenye duka hukupa bila riba mwezi ukiwa mbaya, na mtabeba hatari ya boti kurowesha beli, barabara kufungwa pesa zikiwa njiani, na mmoja wenu kutotoa mchango wake. Ushauri wangu ni muanze watano au sita, mnunue kwa pamoja palepale Lamu kwa muuzaji wa jumla, kwa beli na katoni, mgawane siku hiyohiyo. Anzeni na mafuta na sukari. Unga uacheni kwanza, kwa joto letu na unyevu wa pwani wadudu hawachelewi. Faida kubwa hapa itawaendea wale wanaonunua mafuta ya kupima, robo leo na robo kesho, maana wao ndio walipao lita ghali kuliko sote.

Wengine watakuambia serikali ipange bei. Sheria ya kufanya hivyo ipo tangu 2011. Lakini kumbuka Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 ilipotangazwa shilingi 100 kutoka zaidi ya 200. Bei ilikuwa nzuri, unga wenyewe ndio uliokuwa wa kutafutwa kwa tochi.

Sasa lile linalokukera. Hesabu yako ya mahamri 50, nikikisia yale usiyoniandikia, ni hii: unga 190, robo ya sukari 40, nazi mbili 60, mafuta yanayonyweka kama 100, hamira na iliki 20, makaa 50. Jumla 460. Wauza 500. Waamka kabla ya adhana ya alfajiri kwa shilingi 40. Dada, wewe si mlanguzi, wewe unafuata njia ya baba yangu. Mlanguzi ni yule apandishaye kupita gharama yake kwa sababu mnunuzi hana pa kwenda, na mteja wako ana mahamri mengine hatua ishirini kutoka barazani pako. Ila donge usilipunguze kimyakimya, watoto wa madrasa wataona kabla ya mama zao. Pandisha waziwazi. Uza manne kwa 50, anayetaka moja 15. Ukiuza yote kwa manne-manne, hayo mahamri 50 yatakupa kama 625, ubakiwe na kama 165. Wachache watanuna siku mbili.

Yako mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi, nenda mwenyewe. Ukishuku mizani au kipimo cha mafuta, nenda ofisi ya biashara ya kaunti umtake afisa wa mizani na vipimo, kazi yake ni kukagua na kupiga muhuri, na biashara ya haki imewekwa na Katiba chini ya kaunti. Ukiambiwa huuziwi sukari mpaka ununue na majani, au bei ya rafuni si uliyotozwa, tunza risiti, au piga picha, ukalalamike kwa Mamlaka ya Ushindani, lalamiko halilipiwi. Na kama umeshaanza kukopa kwa simu ili ununue unga wa kesho, hilo ni la haraka kuliko yote niliyoandika. Keti na mtu wa Sacco au mhasibu unayemwamini, akiwa na daftari lako mkononi, kabla ya mkopo wa pili.

Daftari lenyewe lianze leo. Tarehe, chapa, gramu, bei, na kando yake bei ya dizeli ambayo EPRA, mamlaka ya kawi na petroli, huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi. Mwenye duka akikuambia tena ni gari, fungua ukurasa wa mwezi uliopita mtazame pamoja. Baada ya miezi mitatu nipigie picha kurasa za unga na mafuta, unitumie.